Kubadilisha mtutu: .243 yangu sasa ni .450

"Baba Salma, hiyo bunduki si ilikuwa nzima? Mbona leo iko vipande vipande?"

Ilikuwa nzima, tena nzima sana. Kilichoharibika ni anwani yetu. Tulipokuwa Pennsylvania, upande wa Erie, nilikuwa nikiwinda kulungu kwa raifali ya Savage 10 ya kaliba .243 Winchester, yaani risasi yenye unene wa inchi 0.243, na sikuwa na malalamiko nayo hata chembe. Kazi ikatuhamisha hadi Columbus, Ohio, nami nikagundua kwamba bunduki ile ile, ya mtu yule yule, kwa mnyama yule yule, ni haramu ya serikali mara tu ukivuka mpaka wa jimbo.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, nieleze kidogo. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo wengi wetu tuliotoka Pwani mambo haya tumejifunzia ukubwani. Mimi nilifundishwa na jirani wa Erie, mzee aliyestaafu, aliyeniona nikiukata mti uliomwangukia uani akaamua kwamba mtu anayejua kunoa msumeno anaweza pia kufundishwa kuwinda. Yeye ndiye aliyenichagulia .243. Risasi yake ni ya gramu sita na nusu hivi, inatoka kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, na teke lake ni dogo. Mtu mzima anayejifunza hahitaji kuogopa bunduki yake.

Ohio wana kanuni yao. Kwa miaka mingi kulungu hapa aliwindwa kwa shotigani yenye risasi moja nzito, kwa gobori, kwa bastola au kwa upinde. Mwaka 2014 ndipo wakaruhusu raifali, lakini si kila raifali: ganda la risasi lazima liwe limenyooka toka kitakoni hadi mdomoni, na kaliba isipungue .357 wala kuzidi .50. Ganda la .243 lina mabega na shingo, yaani ni ganda la .308 lililobanwa mdomo hadi milimita sita. Ganda lenye shingo hubeba baruti nyingi nyuma ya risasi nyembamba, na hapo ndipo mwendo unapotoka. Ganda lililonyooka hurusha risasi nene kwa mwendo wa chini, nayo huishiwa nguvu mapema. Hoja ni kwamba Ohio sehemu kubwa ni tambarare, mashamba ya mahindi na soya, na nyumba zimetapakaa kila upande, basi risasi iliyokosa isisafiri mbali mno. Majimbo mengine ya eneo hili, kama Michigan upande wa kusini na Iowa, nayo yamekuwa na kanuni za namna hiyo.

Hoja hiyo naikubali nusu. Shamba ninalowinda, mwenyewe ananiomba kabisa nije na .243 nje ya msimu wa kulungu nipunguze koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, na sheria haina neno. Risasi ni ile ile na nyumba ni zile zile. Lakini sheria ya uwindaji si mahali pa kubishana ukiwa umevaa fulana ya rangi ya chungwa na afisa wa wanyamapori amesimama mbele yako.

Nilikuwa na njia tatu. Kununua shotigani, sikutaka. Kununua raifali nyingine mpya ya kaliba inayoruhusiwa, ambayo kusema kweli ndiyo njia rahisi. Au kuibakiza Savage yangu na kuibadilisha mtutu. Nilichagua hii ya tatu kwa sababu mimi ni fundi kerezo kwa kazi na mbishi kwa asili, na kwa sababu bunduki ile naijua. Naijua kifyatulio chake kinavyoachia, kitako kinakaa wapi shavuni, usalama wake naufungua kwa dole gumba bila kutazama. Watu hudhani bunduki ni mtutu. Mtutu ni kitu cha kuchakaa. Ukipiga sana unakwisha na unatupwa. Kinachokaa ni risiva, yaani lile umbo la chuma ambamo bolti, kile kipande kinachosukuma risasi ndani na kuziba nyuma yake, huteleza na kujifunga. Hata sheria ya Marekani inaona hivyo. Namba ya usajili iko kwenye risiva, na hiyo ndiyo "silaha" inayopita kwa muuzaji mwenye leseni na fomu zake. Mtutu wa kawaida wa raifali ya kuwindia unaagizwa kama unavyoagiza betri ya gari.

Hapo nasisitiza: nazungumzia Marekani. Kenya silaha iko chini ya bodi ya leseni, na kubadilisha kaliba ya bunduki iliyosajiliwa si jambo la kujifanyia nyuma ya nyumba. Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo, nayo ina sheria zake. Na hata hapa, ndugu zangu, tazama karatasi zako kwanza. Mwenye green card anaweza kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya taifa, isipokuwa kwa vifungu maalumu kama kile cha mwenye leseni halali ya kuwinda. Hiyo ni habari ya kumuuliza wakili. Usiifuate kwa sababu umeisoma kwangu. Kosa la bunduki kwa mhamiaji halina faini ya kulipa ukaenda zako.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Raifali nyingi za bolti, Remington 700 ikiwemo, mtutu wake hukaa kwa bega: unakerezwa na fundi kwa vipimo vya risiva hiyo moja, unakazwa hadi bega liguse, basi. Ukitaka kubadilisha unahitaji mashine ya kukereza au fundi mwenye nayo. Kazini nina mashine za kukereza za kila aina, lakini kiwandani hakuruhusiwi silaha wala kipande cha silaha, na sina nia ya kufukuzwa kazi kwa ajili ya kulungu. Savage wao walikuja na njia nyingine tangu modeli 110 ya mwaka 1958. Mtutu una nyuzi ndefu kuliko inavyohitajika, na juu ya nyuzi hizo kuna nati. Unaingiza mtutu hadi unapoutaka, halafu nati ndiyo inayoufunga usisogee. Kwa hiyo kipimo unakitafuta kwa mkono, mezani kwako. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Mtu aliyebuni kitu hiki alikuwa anatafuta jinsi ya kupunguza gharama kiwandani, akatuachia zawadi mafundi wa gereji wa nchi nzima.

Kaliba. Wengi Ohio wanachukua .350 Legend, iliyotoka mwaka 2019, na wana haki: teke lake ni jepesi na bei ya risasi ni nafuu. Lakini kitako cha ganda lake ni chembamba, ni cha ukubwa wa .223, kwa hiyo ningelazimika kubadilisha na kichwa cha bolti pia. Kwa Savage hilo nalo linawezekana, kichwa kinashikwa na pini moja tu. Mimi nikaenda .450 Bushmaster. Kitako chake kina kipenyo cha inchi 0.473, sawasawa na .243, kwa hiyo bolti yangu inabaki kama ilivyo. Shinikizo lake ni pauni 38,500 kwa inchi ya mraba, wakati .243 inafika 60,000; naiondolea risiva mzigo, siiongezei. Kinyume chake ningefikiri mara mbili. Risasi ni ya gramu 16, nene milimita 11 na nusu, na inatoka kwa mita 670 kwa sekunde. Baada ya yadi 200 inaanguka kama embe. Lakini mimi nawinda ukingoni mwa msitu, ambako yadi 100 ni mbali.

Mtutu mpya, ulioandaliwa tayari na chemba yake, yaani lile tundu la nyuma ambamo risasi hukaa, ulinigharimu dola 340. Kuna la kutazama kabla ya kulipa: Savage wana nyuzi za aina mbili, ndogo na kubwa, na nati za zamani zina mifereji ya kushika spana ilhali za siku hizi nyingine ni laini. Yangu ni ya zamani, nyuzi ndogo, nati yenye mifereji. Spana yake maalumu dola 45. Geji mbili, nitazieleza, dola 70.

Kuutoa mtutu wa zamani ndiko kulikonitoa jasho. Kiwandani wanakaza nati ile kama wanaapa. Nilikata vipande viwili vya mwaloni, nikavitoboa kwa unene wa mtutu, nikavipaka unga wa ulimbo ndani ili visiteleze, nikaubana mtutu katikati yake kwenye jiliwa. Nati nikainyunyizia mafuta ya kupenyeza kutu tangu usiku. Asubuhi nikavuta, haikujibu. Nikaipasha moto kidogo kwa bunduki ya hewa moto, ile ya kubandulia rangi, nikaweka bomba la kurefushia mkono wa spana. Ikalia mlio mmoja mkali uliomfanya Mama Salma atoe kichwa jikoni na kuuliza swali lile la mwanzo. Baada ya hapo nati ikafunguka kwa vidole.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana mengine yote ni useremala.

Risasi ikiingia chemba lazima kuwe na kitu kinachoizuia isiende mbele zaidi. Kwa .243 kinachozuia ni bega la ganda. Kwa .450 ganda halina bega, kwa hiyo linazuiwa na mdomo wake wenyewe, unaogota kwenye ngazi ndogo iliyokatwa mwisho wa chemba. Umbali kutoka ngazi hiyo hadi uso wa bolti iliyofungwa ndio kipimo ambacho Wamarekani wanakiita headspace, na mafundi wetu mtandaoni nimewasikia wakisema hedispesi. Ukiwa mfupi, bolti haifungi. Ukiwa mrefu, bolti inafunga vizuri kabisa, hukuona tatizo lolote, unavuta kifyatulio, na ganda linapigwa nyuma dhidi ya bolti bila kushikwa. Likipasuka, gesi ya moto inatafuta njia ya kutokea, na uso wako uko hapo karibu.

Ndiyo maana kuna geji. Ni vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa kwa umbo la ganda, kwa vipimo vinavyokubaliana na vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi kilichopo tangu mwaka 1926. Moja naiita Pita na nyingine Usipite. Bolti lazima ifunge juu ya Pita, na isifunge juu ya Usipite. Tofauti kati ya hizo mbili ni elfu chache tu za inchi, yaani inchi moja ukiigawa vipande elfu, ni vipande vichache tu. Ukitaka kuhisi udogo huo, karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu vipande vinne vya namna hiyo.

Kwanza nikaivua bolti kila kitu chenye springi: pini ya kupigia, kishika-ganda, na kile kidude cha kurusha ganda nje. Springi inadanganya mkono. Unadhani umegusa kumbe umesukumwa. Bolti tupu inashuka kwa uzito wake. Nikaweka Pita chemba, nikafunga bolti, nikaingiza mtutu taratibu kwa mkono hadi ukagusa geji. Nyuzi nikazipaka grisi ya shaba zisije zikashikana siku nitakayozifungua tena. Kile kibamba cha chuma kinachopokea msukumo kati ya risiva na nati nikakiweka wima sawasawa, maana kikipinda hakiingii kwenye tundu lake katika mbao. Halafu nikakaza nati kwa spana ya kupimia, futi-pauni 40 hivi.

Na hapo kuna jambo ambalo video nyingi zinalipita haraka. Nati inapokaza huuvuta mtutu mbele, kiasi cha ulegevu uliokuwemo kwenye nyuzi. Kipimo ulichokuwa nacho kabla ya kukaza si kipimo ulichonacho baada ya kukaza. Ukikiangalia mwanzoni tu ukaridhika, umejipima bure. Nilikaza, nikarudisha geji, nikaona bolti inafunga juu ya Pita kwa raha kupita kiasi. Usipite ilikuwa inakataa, lakini mwishoni mwisho. Nikalegeza, nikausogeza mtutu ndani unywele mmoja, nikakaza tena, na nikaendelea hivyo hadi Pita ikafunga kwa mguso mwepesi sana na Usipite ikagoma mkono wa bolti ukiwa bado juu. Kazini tunapima elfu za inchi kutwa, kwa hiyo sikuchoka. Asiyezoea kazi ya vipimo nitamwambia waziwazi: mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Anatoza dola mia moja na kitu, na anakuonyesha geji mbele ya macho yako. Hakuna aibu. Hata mimi niliipeleka kwa fundi mmoja wa hapa aiangalie kabla sijaipiga, akarudia vipimo vyangu vyote kwa geji zake mwenyewe.

Baada ya hapo ni mambo madogo madogo. Mtutu wa .450 ni mnene kuliko wa .243, haukuingia kwenye mfereji wa kitako. Nikazungushia msasa kwenye kipande cha bomba nikasugua mfereji hadi noti ya dola ikapita chini ya mtutu toka ncha ya mbao hadi kwenye nati bila kukwama. Kile kipimo cha noti ni cha wazee wa huku na kinafanya kazi. Mtutu ukigusa mbao hapa na pale, risasi huzipeleki mahali pamoja.

Kasha la risasi, yaani lile la ndani ya bunduki linalobeba risasi za akiba, lilileta ubishi. Limetengenezwa kwa risasi nyembamba na ndefu, mimi naliletea fupi na nene zenye ncha butu. Mbili zinakaa na kupanda vizuri. Ya tatu ikiwekwa, ile ya juu inaruka kabla bolti haijaishika. Ningeweza kuchonga midomo ya kasha, au kununua kasha la kuchomoa. Kisha nikakumbuka kwamba Ohio, katika kuwinda kulungu, bunduki haitakiwi kuwa na zaidi ya risasi tatu, ya chemba ikiwa ndani ya hesabu. Mbili kasha, moja chemba. Nikaliacha kasha lilivyo.

Risasi ya kwanza sikuipiga begani. Nililaza bunduki kwenye tairi kuukuu, nikaifunga, nikavuta kifyatulio kwa kamba ndefu nikiwa nyuma ya gari. Jamaa mmoja uwanjani aliniuliza kama naiogopa. Nikamwambia naam. Ganda likatoka safi: fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, haikubonyea isivyo kawaida, hakuna ufa, mdomo umenyooka. Ndipo nikakaa mezani. Nikaitoa bolti, nikachungulia ndani ya mtutu hadi nikaona shabaha katikati ya duara, nikaileta darubini ielekee hapo hapo, nikaanzia yadi 25 na kumalizia 100. Risasi tatu tatu, nikiuacha mtutu upoe. Zilikusanyika ndani ya upana wa kikombe cha kahawa, na kwa matumizi yangu hiyo inatosha na kubaki.

Teke lake ni habari nyingine. .243 ilikuwa inanigusa bega. Hii inanisukuma kiti. Salma anaomba aipige, nimemwambia asubiri. Breki ya mdomo wa mtutu ingepunguza, lakini kelele yake inapasua masikio ya kila aliye jirani, nami nikiwa kichakani sivai vizibo.

Wiki ya bunduki Ohio huanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Nilimpata jike ukingoni mwa mahindi yaliyovunwa, yadi 60 hivi. Bismillahi Allahu akbar, nikavuta. Alikwenda hatua chache. Kwangu mimi hapo ndipo .450 inapolipa: sitaki mnyama wa kufuatilia gizani, nataka nifike upesi na kisu, ikiwa bado ana uhai nimchinje. Nikamsajili kwa simu siku hiyo hiyo. Mwisho ni saa sita mchana ya kesho yake. Na nyama naikata mwenyewe gerejini. Bucha za kulungu hapa nyingi zinasaga kwa kuchanganya mafuta ya nguruwe, na hata ukiwaambia yako wasichanganye, mashine ni ile ile. Paja nililifanya mishkaki kwa papai na tangawizi, mabega yakaenda pilau.

Hesabu, kwa wanaouliza. Mtutu 340, spana 45, geji 70, ukaguzi wa fundi 40. Jumla 495. Raifali mpya ya kaliba hiyo hiyo, ya bei ya chini, nimeziona kwenye 550. Sikuokoa cha maana, na risasi za .450 zinanilia dola mbili na zaidi kila moja. Anayetaka kuokoa pesa anunue mpya, au apige shotigani.

Mtutu wa .243 nimeupaka mafuta, nimeufunga kwa kitambaa, uko kabatini pamoja na karatasi inayosema ni wa nini. Mwezi wa tatu nikimaliza msimu nitaurudisha kwa ajili ya koyote, na geji zake nimeshaagiza. Kurudisha mtutu wa zamani si sababu ya kutopima. Risasi za kaliba hizi mbili hazikai meza moja nyumbani kwangu. Ule mtutu ulio kwenye bunduki, risasi zake ndizo zilizo nje. Nyingine ziko chini ya kufuli.

Kama uko Columbus na una Savage ya nyuzi ndogo, spana nitakuazima, na jiliwa njoo utumie. Geji nunua zako. Zikianguka sakafuni mara moja huwezi kujua tena zinasema nini.